Stoo yangu inavuja pale bati linapokutana na ukuta wa shemeji

SWALI

Fundi wetu, salaam kutoka Kizota, Dodoma.

Mimi ni mjane, nauza chakula cha mifugo: pumba, mashudu ya alizeti, na dagaa wa kuku kidogo. Stoo yangu ni banda la bati alilojenga marehemu mume wangu pembeni ya nyumba. Lina urefu wa mita 7 hivi na upana wa mita tatu na nusu, na paa lake ni la mgongo mmoja, maji yanashukia uani kwangu. Wakati linajengwa, nyuma yake hakukuwa na kitu zaidi ya uzio wa minyaa.

Serikali ilipohamia huku na kila mtu akaanza kuona kiwanja chake ni dhahabu, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, naye akajenga fremu tatu za biashara kwenye sehemu yake ya kiwanja cha familia. Ukuta wake wa nyuma umesimama palepale penye minyaa, mrefu kupita banda langu. Kati ya ncha ya juu ya bati langu na ukuta huo pamebaki uwazi wa kupitisha vidole vinne. Upande wa barabarani fremu zina plasta, rangi na vioo. Upande wangu ni bloku tupu hadi leo. Na paa lake nusu linamwaga nyuma, maana yake linamwaga kwangu. Kijana wangu amelipima kwa hatua, anasema hiyo nusu ni kama mita 9 kwa 4.

Basi tangu ukuta ule uinuke, stoo inavuja mstari mzima wa nyuma. Fundi wa mtaani akaja, akachomeka vipande vya bati kwenye ule uwazi, akajaza saruji juu. Mvua za mwanzo hazikuvuja, nikamshukuru sana. Ilipofika Januari maji yakashuka kama zamani. Akarudi akapaka lami. Msimu uliofuata akaweka silikoni juu ya lami. Sasa pale juu kuna tabaka za kila aina na maji yanapita vilevile.

Safari hii fundi anasema bati zimechoka, tung'oe zote tupaue upya, na anataka nusu ya ufundi mkononi kabla hajapanda. Kijana wangu anabisha, anasema maji hayapiti kwenye maungio, yanapita ndani ya ukuta wenyewe. Nilipomwendea shemeji alisema maneno mawili tu: ukuta wangu hautobolewi. Eti banda langu ndilo lililomsogelea yeye, wakati banda lilikuwepo kabla yeye hajaoa! Wifi yangu mkubwa alijaribu kutusuluhisha, akaambulia patupu.

Naomba unieleze: nani ana haki kati ya fundi na mwanangu? Kuna namna ya kuziba pale bila kugusa ukuta wa shemeji? Na je, ni kweli nipaue upya?

Nyongeza: magunia yaliyolowa msimu uliopita nimeyaanika, yamekauka vizuri, ukungu nimeukung'uta. Nafikiri kuyauza kwa bei ya chini kwa wafugaji wa ng'ombe. Ni sawa?

Mama wa Stoo, Kizota


JIBU

Mama, pole. Nitaanza na hiyo nyongeza yako, kwa sababu paa linaweza kungoja wiki mbili, lakini hilo la magunia haliwezi.

Usiyauze. Mashudu yaliyoota ukungu hayaponi kwa kuanikwa. Ukungu wenyewe unaweza kukauka na kukung'utika, ila sumu uliyoiacha ndani, sumukuvu, inabaki palepale. Haionekani kwa macho, na jua haliiondoi. Ng'ombe wa maziwa akila, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo wanakunywa watoto wa watu. Kuku wanadumaa na mayai yanapungua. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyohiyo, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la mbali. Usiyachanganye na mazuri eti kuyapunguza makali, maana utaharibu na hayo mazuri. Yachome, au yafukie kwa kina mahali ambapo kuku hawatafukua. Najua ni hela, tena hela ya mjane, lakini mteja akifiwa na ng'ombe atakumbuka gunia lilitoka kwa nani.

Sasa tupande juu.

Fundi wako na kijana wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila kijana ameshika kikubwa zaidi. Wote wawili lakini wamelipita jambo la kwanza kabisa, nalo umelitaja mwenyewe bila kulipa uzito: nusu ya paa la shemeji inamwaga kwako.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ikidondoka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa lako ni mita za mraba 24 na nusu. Ikipiga mvua ya milimita 40, na mvua zetu si za kudondoka siku nzima kama za Bukoba, hizi hushuka zote kwa saa moja kisha jua linawaka, paa lako linapokea karibu lita 980. Hiyo nusu ya paa la shemeji ni mita za mraba 36, kwa hiyo inakuletea lita 1,440 nyingine. Banda lako dogo linabeba maji yake, na juu yake maji ya jirani yanayokaribia mara moja na nusu ya hayo, na hayo ya jirani yanadondoka kutoka juu, yanapiga bati, yanarukia ukutani, na kurudi chini hasa pale kwenye ule uwazi wa vidole vinne. Ukiziba pale kwa vifaa vya kifalme huku maporomoko hayo yakiendelea, utanunua miaka miwili mitatu tu ya utulivu. Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko kwenye bati lako. Ni gata kwenye paa la shemeji.

Najua umeshaanza kutikisa kichwa: mtu aliyekataa ukuta usitobolewe atakubali gata? Nadhani atakubali, kama hutamwendea na malalamiko. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mita zake 36 za mraba kwa milimita 550 ni lita 19,800. Toa zitakazoruka pembeni na zile za mvua ya kwanza zinazoosha vumbi, bado anaweza kuvuna lita 15,000 kwa msimu. Mwenye fremu tatu zenye wapangaji katika mji ambao maji ya bomba huja kwa zamu anajua thamani ya hizo lita. Mpelekee mpango wa gata na tenki upande wake, wewe uchangie gata, yeye tenki. Gata ianguke kuelekea tenki angalau sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3, na vishikizo visipishane zaidi ya sentimita 90, la sivyo itapinda katikati ikijaa na kumwaga palepale unapopakimbia. Na wifi mkubwa mrudishe kwenye mazungumzo, ila safari hii apelekwe na jambo la faida. Wasuluhishi wengi wa kifamilia hushindwa kwa sababu wanatumwa mikono mitupu.

Turudi kwenye maungio yenyewe. Kwa nini saruji ilikaa vizuri mwanzoni, kisha Januari ikaachia?

Bati linatanuka likipata joto na kunywea likipoa. Bati la urefu wa mita 3.5, likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, linarefuka karibu milimita 1.7. Bati la Dodoma mwezi Oktoba linafika huko bila shida. Milimita hizo utaziona chache, lakini zinakwenda na kurudi kila siku ya Mungu, na saruji hainyumbuki. Inapasuka mstari mwembamba kama unywele, na maji yanautaka mstari mwembamba, kwa sababu nyuso mbili zilizokaribiana huyavuta yenyewe, hata kwa kupanda. Juu ya hilo, banda lako ni jepesi, limesimama kwenye msingi wa kawaida. Fremu za shemeji ni bloku, nondo na lenta. Jengo zito na jepesi hayatulii ardhini kwa namna moja, hasa palipo na udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Majengo yenu mawili yanatembea, kila moja kwa hatua zake, na fundi anajaribu kuyagundisha.

Kwenye tembe, nyumba ya jadi ya huku yenye paa la udongo, mzee akiona paa linavuja alipanda na udongo, akaongeza, akashindilia, yakaisha. Ilifaa kwa sababu paa na ukuta vilikuwa udongo uleule. Fundi wako amelihudumia bati lako kama tembe. Lami haikusaidia kwa sababu hukauka na kupasuka kwenye jua letu. Silikoni nayo haishiki juu ya lami wala juu ya vumbi, na baada ya pepo za Agosti na Septemba hakuna uso wa bati Dodoma usio na vumbi.

Pale hapahitaji kuzibwa. Panahitaji kufunikwa, kwa namna ambayo maji yakishuka ukutani yanakabidhiwa kwenye bati bila kuona mlango, na majengo yakitembea hakuna kinachopasuka. Hiyo ndiyo kazi ya fleshingi, yaani bati bapa lililokunjwa la kufunika maungio, na kwa hali yako nataka ya vipande viwili visivyofungwa pamoja.

Kabla ya kununua chochote lakini, fanya jaribio, ili nisije nikawa na mimi fundi wa kubahatisha kutoka mbali. Ingia stoo saa sita mchana, funga mlango na madirisha, tulia mpaka macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Nukta zikiwa chache na ziko kwenye misumari, bati zako ni nzima na hadithi ya kupaua upya ife hapo. Zikiwa zimetapakaa katikati ya bati, pale pasipo na msumari, basi kutu imekula na fundi ana haki. Kwa ulivyoeleza, kwamba panavuja mstari wa nyuma tu, mimi siamini kabisa kwamba bati zote zimekufa.

Halafu jaribio la maji. Kijana juu ya ngazi na ndoo au mpira, wewe ndani na tochi na chaki. Aanze chini, katikati ya paa, amwagie taratibu kwa dakika kadhaa. Kukivuja hapo, ni misumari au mapishano ya bati. Apande hadi karibu na maungio, amwagie bati tu bila kugusa ukuta. Mwisho amwagie ukuta wa bloku peke yake, kama mita moja juu ya maungio. Ukiona maji yanatoka ndani baada ya muda kidogo ilhali maungio yenyewe hayajaloweshwa, kijana wako ameshinda ubishi. Mpangilio huo wa kupanda kutoka chini usiugeuze. Ukianzia juu, maji yataloanisha kila kitu na hutajua lipi ni lipi. Kumbuka pia kwamba maji hutembea juu ya papi, zile mbao zinazobeba bati, kabla ya kudondoka, kwa hiyo tone lilipo siyo lazima ndipo tundu lilipo.

Mimi nabashiri utakuta ukuta unapitisha. Bloku za saruji zisizo na plasta hunywa maji, na mvua ya upepo ikizipiga, maji huingia ndani ya bloku, yanashuka ndani kwa ndani, yanatokea chini ya chochote ulichobandika juu yake. Fleshingi bora kabisa kwenye ukuta mtupu itavuja na utailaumu bure. Ule ukuta lazima upigwe plasta na rangi ya nje, kutoka kwenye maungio hadi chini ya paa la shemeji, urefu wote wa banda lako na nusu mita zaidi kila upande. Hili nalo ni jambo la kumpelekea shemeji kama zawadi: unampigia plasta ukuta wake kwa saruji yako.

Kazi ya fleshingi yenyewe iko hivi.

Kwanza saruji, lami na silikoni yote ya zamani itoke. Fundi atalalamika, atasema tuipitie juu kwa juu. Aiache njia hiyo au mkatae yeye, kwa sababu chini ya uchafu ule bati hukaa na unyevu na huenda limeliwa. Kama limeliwa sentimita chache tu kwenye ncha, si neno, litafunikwa.

Kisha mabonde ya bati pale juu, yaani sehemu za chini kati ya mgongo na mgongo, yakunjwe ncha zake kuelekea juu kwa koleo pana, sentimita 2 au 3. Huu ni ukuta mdogo wa kuzuia maji yanayosukumwa na upepo kupanda mteremko. Mafundi wengi wa kwetu wanaliruka hili, na ni kazi ya chini ya saa moja.

Kipande cha kwanza kinafungwa kwenye paa lako. Kinalala juu ya bati sentimita 20, kinavuka ule uwazi wa sentimita 8, kisha kinasimama wima mbele ya ukuta sentimita 15. Jumla sentimita 43. Kinafungwa kwa skrubu zenye mpira, juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni. Ukutani hakifungwi hata kwa msumari mmoja. Chini yake, mbele ya mabonde, pachikwe sponji iliyokatwa kufuata migongo, nayo itazuia vumbi, nyigu na panya, ambao nadhani kwa biashara yako unawafahamu vizuri.

Kipande cha pili kinafungwa ukutani. Ukuta unachanjwa mfereji wa kina cha sentimita 2 na nusu, kama sentimita 17 juu ya pale fleshingi ya chini inapoanza kusimama. Mdomo wa bati uliokunjwa unaingia humo, na bati linashuka sentimita 12 mbele ya kile kipande kilichosimama, na ncha yake ya chini inakunjwa nje kidogo ili maji yadondoke bila kurudi nyuma. Kwa hiyo cha juu kinakifunika cha chini sentimita 10, bila kugusana kwa skrubu. Banda likinywea, likitanuka, likizama kidogo, vipande vinapishana tu.

Vipande vya mita 2.4 vipishane sentimita 15. Kwa mita zako 7, vitatu vitapungua kiasi cha kukukera, kwa hiyo tumia vinne kila tabaka, ziada izidi ncha za banda pande zote mbili. Bati bapa la upana wa sentimita 90 linatoa vipande viwili vya chini au vitano vya juu. Hesabu inakuja bati bapa tatu. Linganisha na orodha ya fundi ya kupaua upya. Kwa unene, geji 28 inafaa; namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba zaidi. Geji 32 ukiikunja itakuwa laini mno, upepo utaicheza. Zipeleke karakana yenye mashine ya kukunja, usikubali zikunjwe kwa nyundo juu ya tofali. Na kwa kuwa upepo wetu mwingi hutoka mashariki, upangaji uanzie ncha ya magharibi, ili kila kipande cha mashariki kikae juu ya mwenzake na mdomo wa mpishano usiutazame upepo.

Mdomo ukishaingia kwenye mfereji, ukazwe kwa vikabari vya bati lililokunjwa, kisha mfereji ujazwe kwa gundi ya kuzibia ya poliyurethani au silikoni isiyo na asidi. Utaijuaje dukani? Omba kuminya kidogo na unuse. Ikinuka siki, iache, hiyo hula zinki ya bati. Saruji mbichi nayo usiisukumie kwenye mfereji huo, inashambulia zinki vilevile. Kabla ya gundi, mfereji usafishwe vumbi kwa brashi na kitambaa, ukauke.

Vipande vikatwe kwa mkasi wa bati. Grenda ni ya mfereji wa ukutani tu, na mkataji avae miwani. Cheche za grenda huunguza rangi ya bati, na unga wa chuma ukibaki juu ya paa hushika kutu na kuacha madoa ndani ya wiki. Wafagie kabla ya kushuka. Wakanyage kwenye mistari ya misumari, ndipo papi zilipo. Na waangalie waya wa umeme unaoingia kwenye fremu umepita wapi kabla ya kuegemeza ngazi.

Shemeji akikataa mfereji? Hapa ndipo swali lako la pili. Kuna njia ya kati: kipande cha juu kinabanwa juu ya uso wa plasta kwa ubapa wa aluminiamu na skrubu za plagi kila sentimita 20, na juu ya ubapa unapigwa mstari wa gundi. Matundu ni madogo, nayo yanazibika akitaka siku moja kuyaondoa. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinategemea huo mstari wa gundi, na jua litauchosha, kwa hiyo kila Oktoba mtu apande akaukague, pengine aupige upya. Njia ya mfereji haitaki uangalizi huo wa kila mwaka. Ila plasta igongwegongwe kwanza. Ikisikika tupu ndani, skrubu haitakuwa na pa kushika.

Akikataa hata matundu, yaani hataki chochote kiguse ukuta wake, itabidi ukate paa nyuma na kuacha kichochoro wazi kati yenu, chini uweke sakafu ya zege yenye mteremko ili maji yasinyeshee misingi ya wote wawili. Inawezekana, ila utapoteza nafasi ya stoo na mtakuwa na mtaro wa kusafisha milele. Mimi ningefika huko baada ya kila kitu kingine kushindikana.

Kwa vyovyote, atakachokubali kiandikwe karatasi moja, msaini wote wawili, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Si kwa sababu shemeji ni mbaya. Fremu huuzwa, na mnunuzi wa kesho hatakuwa shemeji yako.

Muda unao, kama utaanza sasa. Gata na plasta viende kwanza, plasta ipewe wiki ya kumwagiliwa, fleshingi ifuate, na yote yawe yamekwisha kabla ya katikati ya Novemba. Wakiwa juu, waondoe na ile misumari iliyoinuka kwenye paa zima na kuweka skrubu nene kidogo kuliko tundu la zamani.

Lililobaki ni nusu ya ufundi mkononi. Usitoe. Fundi huyo si lazima awe mwizi, ila kazi ya kuvuja haipimwi kwa macho, na ameshalipwa huko nyuma kwa kazi ambazo mvua imezikataa. Vifaa nunua mwenyewe, ukiwa na kijana na hesabu hii mkononi. Mpe hela ya chakula kila siku ya kazi. Akimaliza mpe nusu. Nusu ya pili itoke baada ya jaribio lilelile la maji, yeye akimwagia ukuta kutoka juu kwa muda mrefu kuliko atakavyopenda, na wewe ukiwa ndani na tochi.